Vibuyu Arobaini na Kimoja vya Kabazi

Chepkemboi alikuwa na miaka ishirini na tisa alipoanza kukusanya maziwa ya vibuyu, na tayari alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba amechelewa. Alichelewa kuingia chuo kikuu kwa sababu alifundisha shule ya msingi miaka mitano ili wadogo zake wasome. Alichelewa kuolewa, kisha akachelewa kumwacha yule mwanamume wa Molo ambaye sina haja ya kumtaja. Alipokuja kwenye maabara yetu mwanzoni mwa 2019 kusomea shahada ya pili ya elimu ya vijidudu, alikuwa na mimba ya miezi minne. Mlinzi wa lango alimuuliza kama ametumwa na kampuni ya usafi.

Namwandika kwa sababu kuna ripoti iliyomwandika vibaya. Ni ripoti nzuri ya kutazama, karatasi nzito, picha za rangi. Inamhesabu kati ya wanawake kumi na saba ambao chuo kiliwasaidia kubaki katika sayansi wakati wa korona. Kubaki, alibaki. Ripoti haisemi alibaki na nini.

Mimi nilikuwa mhudumu wa maabara hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Cheti changu ni cha darasa la saba. Mengine niliyasoma katika vitabu ambavyo maprofesa walivitupa kila walipohama ofisi, na siku zile ilitosha. Mwanafunzi aliyetaka kujua namna ya kuushika waya kwenye moto kabla ya kuhamisha vijidudu alitumwa kwangu na profesa mwenyewe. Funguo za vyumba vyote zilining'inia kwenye msumari mlangoni pangu. Aliyehitaji kuingia alisema anachotaka, nami nikamfungulia. Sasa milango inafunguliwa kwa kadi, na kadi inatolewa na ofisi ambayo haijawahi kuona kijidudu.

Kazi ya Chepkemboi ilikuwa hivi. Kwao ni Kabazi, upande wa Subukia. Huko wanawake wa Kikalenjin hugandisha maziwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Kibuyu kile hakiguswi na sabuni. Huoshwa kwa maji ya moto, kikasuguliwa ndani kwa ufito, kisha makaa, kisha maziwa. Vijidudu wanaogandisha maziwa hujificha katika vitundu vidogo vya kibuyu chenyewe na kungoja maziwa mengine, mwaka baada ya mwaka. Kila nyumba ina wake. Mjukuu anayapenda maziwa ya bibi yake na kuyakataa ya jirani, na watu hudhani ni deko tu.

Alipita nyumba arobaini na moja, tumbo mbele, chupa ndogo za glasi begani. Wale bibi walimcheka sana.

"Umeenda chuo kikuu kujifunza maziwa? Si ungebaki hapa tukufundishe bure?"

Lakini walimpa. Walimpa kwa sababu alikuwa wao, wa kwanza kutoka kijiji kile kufika huko. Mmoja wao, Kogo Jepkoech (kogo kwao ni bibi), mrefu mkavu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alimpa maziwa chupa mbili na kumwonya asiyachanganye na ya jirani yake, kwa kuwa "ya yule yana uvivu."

Nilikuwapo siku sahani za maabara zenye maziwa ya Kogo Jepkoech zilipofunguliwa. Chepkemboi alikuwa amepanda pembeni bakteria wanaowaharisha watoto, na katikati tone la maziwa ya bibi. Kulizunguka tone lile kulikuwa na duara safi, pana kuliko ukucha wa kidole gumba, ambamo wale wabaya walikuwa wamekufa wote. Aliita jina langu mara moja tu. Nilikuwa nimeona sahani nyingi maishani, lakini duara kama lile sikuwa nimeliona zaidi ya mara mbili.

Kabla ya kustaafu mwishoni mwa mwaka huo nilimwambia aweke akiba ya pili ya vijidudu wake. Nilimweleza njia ya zamani: maziwa yaliyochemshwa yakaiva, chaki kidogo ya kupunguza ukali, chupa izibwe kwa nta, iwekwe mahali pa baridi, na kila baada ya miezi mitatu vijidudu wahamishwe kwenye chupa mpya. Haihitaji mashine. Msimamizi wake, Daktari Jamleck, alitusikia.

"Mzee Hezekiah," akasema, "hizo ni mbinu za enzi ya mkoloni. Hapa tuna friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri."

"Na stima ikipotea?"

"Kuna jenereta."

"Na dizeli?"

Akacheka, akanishika bega. "Mzee wangu, wewe nenda ukafuge kuku. Umefanya kazi ya kutosha."

Mwanafunzi hufuata msimamizi, na sikumlaumu. Vijidudu wote wa nyumba arobaini na moja waliingia katika maboksi mawili, rafu ya chini kabisa ya friza. Mimi nilikwenda nyumbani kwangu, mtaa wa Section 58, na kufuga kuku kweli.

Machi 2020 vyuo vilifungwa. Wanafunzi walipewa muda mfupi wa kuondoka, Chepkemboi akamfunga mtoto wake mgongoni, wa miezi minane, akarudi kwa mama yake Kabazi. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ni wiki tatu.

Chuo kiliandika orodha ya watu wa kuingia maabara wakati wa kufungwa. Iliitwa orodha ya miradi muhimu. Weldon alikuwemo. Weldon alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana mpole tu, asiye na mke wala mtoto, aliyekuwa katika mradi wa mahindi wa Daktari Jamleck uliolipiwa na watu wa ng'ambo. Chepkemboi hakuwemo. Maziwa ya bibi hayakuwa na mfadhili, kwa hiyo hayakuwa muhimu. Kila Jumatatu alimpigia Weldon kuuliza friza inasoma ngapi, na Weldon alimjibu bila kuchoka. Hilo nampa.

Kule kijijini, wakati huo, chifu alimwita. Watu walikuwa wamejaa hofu na uvumi. Wengine walikunywa chai ya rangi asubuhi na mapema wakiambiwa ni dawa, wengine walisema ugonjwa ni wa watu wa ndege. Chifu akasema, "Wewe si ndiye daktari wetu wa vijidudu? Ongea na hawa watu." Chepkemboi akasimama mbele ya baraza, watu wamekaa mbalimbali kwenye nyasi, akawaeleza vizuri kuliko redio yoyote, kwa lugha yao. Kwamba adui haonekani. Kwamba sabuni humrarua. Kwamba chochote kinachopita mkono kwa mkono kioshwe. Aliwaonyesha na namna ya kutia matone manne ya dawa ile ya kufulia nguo nyeupe kwenye ndoo. Bibi walimsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza mchungaji. Alirudi nyumbani amefurahi. Ndiyo siku pekee ya mwaka ule aliyojiona mwanasayansi, alivyoniambia.

Juni, transfoma ya chuo ikaungua.

"Niaje, Chep," Weldon alimpigia. "Stima imeenda tangu jana. Jenereta inanguruma, lakini dizeli imebaki ya siku tatu hivi, na wa kusaini ya kununua nyingine yuko karantini."

"Hamisha maboksi yangu. Ni mawili tu. Rafu ya chini."

"Kuna friza ndogo ya sola kwa ofisi ya mkuu. Inaingia maboksi manne."

"Basi weka yangu mawili."

"Ya mahindi ni manne. Daktari amesema ya mradi kwanza. Pole, Chep. Kama ingekuwa mimi…"

"Ni wewe, Weldon. Wewe ndiye uko hapo."

Chepkemboi alimpigia Daktari Jamleck mara sita. Mara ya saba akajibiwa kwa ujumbe kwamba atume barua pepe.

Siku hizo chuo kilikuwa kimeanzisha Mpango wa Ujumuishi, wa kuwasaidia wanawake, walemavu, na watu wa makabila madogo wasiachwe nyuma katika sayansi kwa sababu ya korona. Msimamizi wa mpango huo aliitwa Kimberly, mama wa Nakuru mjini, mwenye sauti laini na nia njema. Sisemi kwa kejeli. Nia yake ilikuwa njema. Chepkemboi akajaza fomu kwa simu, akapewa nafasi kesho yake saa kumi jioni, mkutano wa mtandaoni.

Kwao simu hupiga, lakini intaneti haitoshi mkutano. Alipanda kilima nusu saa, mtoto mgongoni, akasimama karibu na ua wa mtu ambako intaneti hushika. Alinisimulia mkutano ule maneno kwa maneno, na mimi nimeuandika jinsi alivyousimulia.

"Karibu sana Chepkemboi," Kimberly akasema. "Tuwashie kamera, tukuone. Aaah! Na katoto! Jamani, mnaona? Hii ndiyo sura ya mpango wetu. Hebu tueleze safari yako."

"Safari gani, madam?"

"Safari yako kama mama katika sayansi. Changamoto. Usiogope, hapa ni kwenu."

"Nina sampuli kwenye friza, na friza inapoa… samahani, inapata joto. Naomba kibali cha kuingia maabara kesho. Masaa mawili. Nitakuja na barakoa, sitagusa kitu cha mtu, nitahamisha chupa zangu niondoke."

Mtu mwingine mkutanoni, mwanamume, akauliza kama mtoto anaweza kunyamazishwa maikrofoni.

"Tumekusikia," Kimberly akasema, "na tunathibitisha hisia zako. Lakini kibali cha kuingia si chetu. Hicho ni cha kamati ya usalama. Sisi tunashughulika na usaidizi."

"Sasa mnisaidie na kamati ya usalama."

"Kamati inakutana tarehe ishirini na tano. Tunaweza kukuandikia barua ya kukuunga mkono."

"Madam, tarehe ishirini na tano watakuwa wamekufa."

"Nani wamekufa?" yule mwanamume akashtuka.

"Bakteria."

Akasikia watu wakicheka kwa nafuu. Kisha Kimberly akamwambia kuwa mpango umemkubalia bando la intaneti la miezi mitatu na nafasi katika mafunzo ya ustahimilivu kwa wanawake watafiti. Yataanza Alhamisi.

Alhamisi alipanda tena kile kilima na kuhudhuria mafunzo ya ustahimilivu. Ijumaa Weldon alimtumia picha ya friza. Ilisoma nyuzi kumi na tisa, juu ya sifuri. Dizeli ilikuwa imeisha tangu juzi yake, na maboksi yalikuwa yamekaa ndani ya maji; hadi chuo kinafunguliwa hakuna kijidudu aliyekuwa hai humo.

Mwaka mmoja wa miaka ya tisini chuo kile kilifungwa wiki tisa kwa sababu ya maandamano, polisi langoni. Nilikuwa na funguo. Kila wiki ya pili niliingia nikawahamisha vijidudu wa wanafunzi saba, mmoja wao simjui hata sura, kwa kuwa majina yao yalikuwa kwenye chupa. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniandikia kibali. Hakukuwa na mpango wa ujumuishi wala neno lenyewe. Sasa neno lipo, na limepewa ofisi.

Kama kulikuwa na faraja, ilikuwa hii: bakteria wa kwenye friza walikuwa nakala tu. Wenyewe walikuwa Kabazi, ndani ya vibuyu, wanaishi kama walivyoishi kabla ya sisi sote. "Vibuyu vipo, mzee," Chepkemboi aliniambia kwenye simu. "Nitaanza upya. Nitachelewa mwaka, basi. Nimezoea kuchelewa." Chuo kilipofunguliwa Januari 2021 aliniomba niende naye Kabazi. Safari hii alitaka akiba ya pili kwa njia yangu. Nilichemsha chupa jikoni kwangu siku mbili, nikasaga chaki, nikayeyusha nta. Nakiri nilifurahi. Nilikuwa sijaitwa mahali popote tangu nistaafu.

Tulifika kwa Kogo Jepkoech asubuhi. Alikuwa ametusikia tunakuja, akawa ametoka nje na majirani zake wanne, wote wamevaa barakoa na vitambaa vya kanisani. Vibuyu vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi, midomo imeelekea jua.

"Chamgei, daktari wetu!" akaita. "Na huyu mzee ni nani, ndiye umeolewa naye?"

Wakacheka. Chepkemboi naye akacheka. "Huyu ni mwalimu wangu, kogo."

"Mwalimu mzee hivi? Atakufundisha nini, kutembea na fimbo?"

Chepkemboi alikuwa bado anacheka alipoinama kukichukua kibuyu cha kwanza. Akakileta puani, kwa kuwa kibuyu kizuri hunuka moshi na uchachu kwa pamoja. Akakirudisha chini. Akachukua cha pili. Akaninyooshea, nami nikanusa. Kilinuka hospitali.

"Kogo," akasema taratibu, "umeviosha?"

"Nimeviosha! Kwani wewe ulitufundisha tulale? Tangu ule mkutano wa chifu. Sabuni ya unga kwanza, halafu ile dawa ya nguo nyeupe, matone manne kama ulivyoonyesha. Siku za kwanza maziwa yalikuwa yakikataa kuganda, lakini nikavumilia. Angalia ndani. Angalia! Unaweza kulala humo."

"Na makaa?"

"Makaa ya nini tena? Uchafu ule!" Akawageukia wenzake. "Mwambieni. Wajukuu wangu wa Nakuru walikuwa wakiyakataa maziwa yangu, ati yananuka moshi, ati yana vitu vyeusi. Sasa wanakunywa. Meupe kama ya dukani. Na huyu hapa," akamwonyesha jirani yake, yule wa maziwa yenye uvivu, "alikuwa hataki kuosha. Nilimfuata mpaka kwake. Nilimwambia msichana wetu hakusoma miaka yote hiyo ili wewe umwaibishe na kibuyu kichafu."

"Nikaosha," jirani akasema, "mkono ukachubuka."

"Nyumba zote za huku tumeosha. Leo tuliposikia unakuja tukaosha tena."

Chepkemboi alikuwa amechuchumaa kati ya vibuyu. Kogo Jepkoech alimtazama kwa muda, kisha akaacha kupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Kwani sikuosha vizuri?"

"Umeosha vizuri, kogo," Chepkemboi akasema. "Umeosha vizuri sana."

Tulipita nyumba zote kwa siku mbili, kwa kuwa tulikuwa tumeshakuja. Bibi watatu walikuwa wamefariki kwa uzee na vibuyu vyao vimetupwa. Wawili walikuwa wamehamia mitungi ya plastiki. Wengine wote walikuwa wameosha, kila mmoja, na kila mmoja alitaka asifiwe. Tulichukua maziwa, tukayapanda. Yaliyoota yalikuwa bakteria wa mikono na wa zizini, hawa unaowakuta popote. Sahani baada ya sahani, hakuna duara lililotokea, hata dogo.

Mwezi wa tatu Daktari Jamleck alimpa Chepkemboi fomu ya kubadili mada. Kulikuwa na vijidudu wa mtindi wanaouzwa katika pakiti, unga mweupe kutoka Ulaya, walio salama na waliokwisha kuandikwa vitabuni tangu zamani. Angelinganisha pakiti mbili, angemaliza kwa miezi minane. Mpango wa Ujumuishi ungelipia pakiti, mradi asaini kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa ripoti yao ilikuwa inafungwa.

Alikuja nayo kwangu Section 58, akaiweka mezani kati ya vikombe.

"Usisaini," nikamwambia. "Nenda mbali zaidi. Kuna vibuyu Baringo, kuna vibuyu Kericho. Tutaenda wote."

"Na karo ya mwaka mwingine? Na mtoto nimwache kwa nani? Wewe mzee umekataa vitu vingi maishani mwako. Nimekuja kwako nimekuta kuku."

Ilinichoma, lakini hakukosea.

"Basi angalau wale bibi waambiwe," nikasema. "Waache sabuni kwenye vibuyu. Labda kuna nyumba imesahaulika, labda kuna kimoja darini. Nitaenda mimi mwenyewe niwaambie walichoua."

Akanitazama kama anayetazama mtu asiyejua kusoma.

"Mzee, wanawake wale hawajawahi kumwamini mtu yeyote mwenye karatasi. Mimi ndiye wa kwanza. Niliwaambia kitu, wakafanya, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa korona. Sasa uende uwaambie kwamba kwa kunisikiliza waliharibu? Msichana atakayekuja baada yangu na chupa zake, nani atamfungulia mlango? Niahidi hutawaambia."

Sikuona na bado sioni kwa nini sayansi iliyomfungia mlango ilindwe namna ile, na yeye awe wa kulipa. Lakini niliahidi. Akachukua kalamu yangu, akasaini, akanywa chai yake ikiwa imepoa.

Alihitimu mwaka uliofuata. Siku hizi yuko kiwanda kimoja cha maziwa hapa Nakuru, anapima kama mtindi wa pakiti umekuwa mtindi. Wanamlipa vizuri. Tunapokutana tunaongea habari za mtoto.

Nilinyamaza mpaka Kogo Jepkoech alipozikwa, mwezi wa nne mwaka huu, ndipo nikaandika haya. Wenzake bado wanaosha.